Chapa ya Mionzi Ndani ya Seli: Upigaji Picha wa Kinyuklia na Maana Yake kwa Wagonjwa wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna atomu zinazotoa mionzi zinavyotumika kuzitia seli alama ili picha ya kazi ya seli hizo iweze kupatikana. Ufafanuzi unaanzia kwenye dhana ya chapa, unapitia mbinu mbili kuu, yaani otoradiografia na kamera ya gama, kisha unaziweka mbinu hizo mbele ya mazingira ya Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla. Magonjwa mawili yametumika kama mifano, nayo ni selimundu na kichocho cha mfumo wa mkojo. Hoja kuu ni kwamba chapa ya mionzi hufifia kwa saa na hivyo haiwezi kumfuata mgonjwa aliye mbali, ilhali maarifa yaliyopatikana kwa chapa hiyo hayafifii na husafiri hadi zahanati ya kijiji. Kwa hiyo, swali la msingi kwa mtoa huduma wa Simiyu ni kubainisha mgonjwa yupi anahitaji picha yake mwenyewe, na yupi anaweza kutibiwa kwa maarifa yaliyotokana na picha za wengine.

Istilahi muhimu: chapa ya mionzi, nusu-uhai, otoradiografia, kamera ya gama, selimundu, kichocho, Simiyu

1.0 UTANGULIZI

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa sehemu ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mkoa huu una wakazi zaidi ya milioni 2. Wengi wao ni Wasukuma wanaolima pamba na mazao ya chakula na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Bariadi. Mgonjwa anayehitaji huduma iliyo juu ya uwezo wa mkoa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, kwa barabara inayopita Lamadi na Magu. Pale panapohitajika huduma ya tiba nyuklia, mojawapo ya vituo nchini ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kutoka Bariadi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Umbali huu una uzito wa pekee katika mada inayojadiliwa. Vipimo vingi vya hospitali havijali muda wa safari kwa kiwango kikubwa. Filamu ya eksirei iliyopigwa Bariadi inaweza kusomwa Mwanza wiki moja baadaye bila kupoteza chochote. Picha ya kinyuklia ni tofauti, kwa sababu kitu kinachoitoa picha hiyo kinaanza kutoweka tangu dakika kilipotengenezwa. Hivyo, katika tawi hili la tiba, saa za barabarani zinaingia moja kwa moja katika hesabu ya fizikia.

Magonjwa mawili yanaifanya mada hii iwe na maana kwa Simiyu. La kwanza ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi nchini. La pili ni kichocho cha mfumo wa mkojo, kinachoenezwa na konokono wa maji baridi wanaoishi katika madimbwi na malambo ya msimu ambako watu huchota maji, watoto huoga na mifugo hunyweshwa.

2.0 DHANA YA CHAPA

2.1 Mfano wa mfugaji

Dhana ya kutia seli alama inaweza kueleweka kwa kuangalia jambo ambalo mfugaji wa Kisukuma analijua vizuri. Ng'ombe wa kaya kadhaa wanapokutana kwenye lambo moja, kila mwenye kundi anawatambua wake kwa chapa. Chapa haimbadilishi ng'ombe. Anakula, anakunywa na kutembea kama wengine, na mwenye mali anaweza kujua alikokwenda bila kumfuata hatua kwa hatua.

Chapa ya mionzi inafuata mantiki hiyo hiyo. Atomu moja katika molekuli ambayo seli huitumia hubadilishwa kwa atomu inayotoa mionzi, au atomu ya aina hiyo hufungwa kwenye molekuli hiyo. Seli huipokea molekuli kama kawaida, huipeleka mahali pake na kuitumia. Mionzi inayotoka humo humwambia mtafiti au daktari mahali molekuli ilipo. Isotopu za elementi moja zina tabia moja ya kikemia, kwa kuwa zinatofautiana kwa idadi ya nyutroni tu. Ndiyo maana seli haiwezi kutofautisha haidrojeni ya kawaida na tritiamu, ingawa tritiamu inatoa mionzi ya beta.

Mfano wa mfugaji, hata hivyo, una mpaka. Chapa ya ng'ombe hudumu maisha yote ya mnyama, ilhali chapa ya mionzi hujifuta yenyewe. Tofauti hii ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya mjadala unaofuata.

2.2 Chimbuko la dhana

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua jijini Paris kwamba chumvi za urani ziliweka alama nyeusi kwenye bamba la picha lililofungwa lisipate mwanga. Kwa maneno mengine, unururifu ulijulikana kwa picha tangu siku yake ya kwanza. Mwaka 1923 George de Hevesy aliziweka mbegu na miche ya Vicia faba, mmea wa jamii ya maharagwe, katika maji yenye risasi nururifu, akafuatilia namna risasi hiyo ilivyopanda kutoka mizizini kwenda kwenye shina na majani. Kwa kazi yake ya kutumia isotopu kama vifuatiliaji alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943.

2.3 Kiasi cha chapa

Chapa isiyobadilisha tabia ya seli lazima iwe ndogo mno. Hesabu inathibitisha hilo. Mgonjwa anayechomwa sindano ya teknetiamu-99m yenye kiwango cha megabekereli 500 anapokea atomu za isotopu hiyo zipatazo trilioni 16. Idadi hiyo ni kubwa kwa kusikia, lakini uzito wake wote ni takriban sehemu 2.6 za bilioni moja ya gramu. Kiasi hicho hakiwezi kuathiri kemia ya mwili, ilhali kila atomu inayovunjika inaweza kutoa ishara inayonaswa nje ya mwili. Ndiyo siri ya mbinu hii: kitu kidogo kiasi cha kutoonekana kwa mizani yoyote ya kawaida huonekana kwa mionzi yake.

3.0 PICHA YA SELI MOJA: OTORADIOGRAFIA

Neno "picha ya seli" lina maana mbili ambazo ni lazima zitenganishwe. Maana ya kwanza ni picha inayoonesha seli moja moja chini ya hadubini. Picha ya namna hii hupatikana kwa otoradiografia, mbinu ambayo hutumia tishu iliyokwisha kutolewa mwilini.

Hatua zake ni hizi. Seli hulishwa molekuli yenye chapa, kwa mfano thimidini iliyotiwa tritiamu. Thimidini hutumika kujenga DNA pekee, hivyo seli inayojiandaa kugawanyika ndiyo itakayoichukua. Baada ya muda uliopangwa, tishu huoshwa, hugandishwa kikemia na kukatwa vipande vyembamba sana vinavyobandikwa kwenye kioo cha hadubini. Katika chumba cha giza, kioo hicho huchovywa kwenye emulsheni ya picha yenye chembe za bromidi ya fedha. Kisha huhifadhiwa gizani, mahali pa baridi, kwa siku au wiki kadhaa. Katika muda huo kila elektroni inayotoka kwenye tritiamu huacha alama kwenye chembe ya fedha iliyo juu yake. Emulsheni inaposafishwa, nukta nyeusi hujitokeza juu ya seli zilizokuwa zikitengeneza DNA, na seli nyingine hubaki bila nukta.

Tritiamu inafaa kwa kazi hii kutokana na udhaifu wake. Elektroni zake zina nishati ndogo, isiyozidi kiloelektronivolti 18.6, na husafiri umbali mfupi sana ndani ya emulsheni, takriban maikromita moja. Nukta nyeusi haiwezi kutokea mbali na chanzo chake, hivyo mtafiti anaweza kusema kwa uhakika kwamba mionzi imetoka ndani ya kiini cha seli hii na si ya jirani yake.

Mwaka 1957 J. Herbert Taylor na wenzake walitumia njia hii kwenye ncha za mizizi ya Vicia faba, mmea ule ule wa Hevesy. Walionesha kwamba kromosomu inapojinakili, chapa ya zamani hugawanywa sawa kwa kromosomu mbili changa. Katika miaka ya 1960 George Palade na wenzake waliwapa wanyama wa maabara, na baadaye vipande vya kongosho, asidi amino yenye chapa kwa dakika chache, kisha wakaifuatilia. Picha za hatua baada ya hatua zilionesha protini ikitoka mahali inapotengenezwa, ikapita katika mfumo wa Golgi, na kuishia kwenye vifuko vinavyoitoa nje ya seli. Palade alishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1974. Mafunzo hayo sasa yamo katika vitabu vya biolojia vya shule za sekondari, zikiwemo za Bariadi, ambako mwanafunzi hujifunza matokeo yake bila kuhitaji kugusa mionzi.

4.0 PICHA YA KAZI YA SELI NDANI YA MWILI HAI

4.1 Kamera ya gama

Maana ya pili ya picha ya seli ni picha ya kundi kubwa la seli zinazofanya kazi ndani ya mtu aliye hai. Hapa mionzi ya beta yenye nguvu ndogo haifai, kwani haiwezi kutoka nje ya mwili. Hutumika mionzi ya gama.

Kamera ya gama ilibuniwa na Hal Anger huko Berkeley, Marekani, na kuoneshwa mwaka 1958. Ina bamba la risasi lenye matundu mengi membamba, ambalo huruhusu miale inayokuja kwa mwelekeo mmoja pekee. Nyuma yake kuna fuwele ya iodidi ya sodiamu inayotoa cheche ya mwanga kila inapopigwa na mwale wa gama. Vitambuzi vya mwanga hupokea cheche hiyo, na kompyuta hukokotoa mahali ilipotokea. Maelfu ya cheche yanapokusanywa, picha hujengeka.

Picha hiyo haioneshi seli moja moja. Kamera ya gama ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban sentimita moja, na ndani ya sentimita moja ya mchemraba kuna mamia ya mamilioni ya seli. Kinachooneshwa ni jumla ya kazi yao. Udhaifu huo wa uchoraji unafidiwa na jambo ambalo eksirei na altrasaundi haziwezi kulitoa kwa urahisi: kamera ya gama haimwambii daktari kiungo kina umbo gani, bali humwambia kama seli za kiungo hicho bado zinafanya kazi.

4.2 Chapa zinazotumika

Isotopu inayotumika zaidi ni teknetiamu-99m. Mwale wake wa kiloelektronivolti 140 una nguvu ya kutosha kutoka mwilini na bado unanaswa vizuri na fuwele. Isotopu hii hufungwa kwenye molekuli tofauti kulingana na seli zinazolengwa. Ikifungwa kwenye koloidi, humezwa na seli zinazosafisha damu katika ini na bandama. Ikifungwa kwenye DMSA, hunaswa na seli za mirija midogo ya figo. Ikifungwa kwenye fosfonati, huenda mahali ambapo seli za mifupa zinajenga mfupa mpya, hivyo huonesha saratani iliyosambaa mifupani.

Wakati mwingine seli zenyewe hutolewa mwilini na kutiwa chapa. Katika uchunguzi wa maambukizi yaliyojificha, damu ya mgonjwa huchukuliwa, seli nyeupe hutenganishwa, hutiwa indiamu-111 au teknetiamu-99m, kisha hurudishwa kwenye mshipa. Seli hizo hukimbilia kwenye usaha kama zilivyo desturi zao, nazo huonekana zikikusanyika huko. Hii ndiyo sura ya chapa iliyo karibu zaidi na ile ya mfugaji.

5.0 HESABU YA SAA NA BARABARA

Nusu-uhai ni muda unaohitajika ili nusu ya atomu nururifu zilizopo zivunjike. Muda huu haubadiliki kwa joto, baridi wala haraka ya dereva. Jedwali lifuatalo linaonesha isotopu zilizotajwa katika makala haya.

Jedwali 1: Baadhi ya isotopu zinazotumika kama chapa

| Isotopu | Nusu-uhai | Matumizi |
|---|---|---|
| Tritiamu | Miaka 12.3 | Otoradiografia ya seli |
| Kromiamu-51 | Siku 27.7 | Kupima maisha ya seli nyekundu |
| Indiamu-111 | Siku 2.8 | Kutia chapa seli nyeupe |
| Molibdenamu-99 | Saa 66 | Chanzo cha teknetiamu-99m |
| Teknetiamu-99m | Saa 6 | Kamera ya gama |
| Florini-18 | Dakika 110 | Uchunguzi wa PET |

Tuseme sindano ya teknetiamu-99m imeandaliwa asubuhi jijini Dar es Salaam na kusafirishwa kwenda Bariadi. Ikifika baada ya saa 12, itakuwa imebaki robo. Ikifika baada ya saa 24, itakuwa imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa florini-18 hali ni mbaya zaidi, kwani safari ya saa 11 ni sawa na nusu-uhai sita, na kinachobaki ni sehemu moja ya sitini na nne.

Tatizo hili lilitatuliwa kwa sehemu kwa kusafirisha mzazi badala ya mtoto. Molibdenamu-99 huvunjika na kuwa teknetiamu-99m. Hufungwa ndani ya safu ya alumina iliyozungushiwa risasi, na kifaa hicho huitwa jenereta. Kila asubuhi maji ya chumvi hupitishwa ndani yake na kutoka na teknetiamu-99m iliyokwisha kujikusanya. Wataalamu duniani wamezoea kukiita kifaa hicho ng'ombe, na kazi yenyewe kuiita kukamua. Mfugaji wa Itilima angeuelewa utaratibu wake bila maelezo marefu: baada ya kukamuliwa, kiwango hupanda tena na kufikia kilele baada ya takriban saa 23, na kadiri siku zinavyopita, maziwa hupungua. Baada ya siku sita jenereta hubaki na takriban asilimia 22 ya nguvu yake ya awali, hivyo ni lazima nyingine iagizwe kwa ratiba isiyokatika.

Jenereta inahitaji wateja wa kila siku ili gharama yake ilipe, pamoja na mfamasia wa mionzi, mwanafizikia tiba, daktari wa tiba nyuklia na kamera inayofanya kazi. Ndiyo sababu huduma hii hukusanywa katika vituo vichache, na ndiyo sababu anayesafiri ni mgonjwa.

6.0 SELIMUNDU: PALE MAARIFA YANAPOSAFIRI

Seli nyekundu ya mtu mwenye afya huishi takriban siku 120. Katika miaka ya 1950 watafiti walianza kuzitia seli hizi chapa ya kromiamu-51, kuzirudisha mwilini na kupima mionzi iliyobaki katika damu siku baada ya siku. Vipimo vya namna hiyo vilidhihirisha kwamba seli za mgonjwa wa selimundu mara nyingi huishi kati ya siku 10 na 20 tu. Upungufu wa damu wa mtoto wa selimundu ulipata maelezo ya kihesabu: uboho wake unafanya kazi kwa bidii kubwa, lakini seli zinaharibika haraka kuliko zinavyoweza kufidiwa.

Ugunduzi ulio mzito zaidi ulihusu bandama. Mwaka 1969 Howard Pearson na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa selimundu ambao bandama zao zilipapaswa kwa mkono na kuonekana kubwa. Kwa mkono wa daktari, kiungo kilikuwapo. Watoto hao walipochomwa koloidi yenye teknetiamu-99m, ini lilijitokeza vizuri kwenye picha, lakini mahali pa bandama palikuwa patupu. Bandama ilikuwapo kwa umbo, na haikuwapo kwa kazi. Tafiti zilizofuata zilionesha kwamba kwa baadhi ya watoto wadogo, kuongezewa damu kulirudisha kazi hiyo kwa muda.

Picha hiyo tupu ilieleza kwa nini watoto hao hufa ghafla kwa maambukizi ya bakteria wenye ganda, hasa wale wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Bandama ndiyo chujio kuu la bakteria hao katika damu. Ufahamu huo ulifungua njia ya kinga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionesha kwamba penisilini ya kumeza kila siku, ikianza utotoni, ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84.

Kutokana na maarifa haya, daktari leo huchukulia kwamba mtoto mwenye selimundu ana bandama isiyofanya kazi ipasavyo, na humpa penisilini na chanjo bila kusubiri picha ya kinyuklia. Mtoto wa Dutwa au Nkololo hahitaji kusafirishwa hadi kwenye kamera ili athibitishiwe jambo ambalo picha za watoto wengine zilishalithibitisha. Anachohitaji ni kupimwa damu mapema, kuandikishwa kliniki na kupata dawa bila kukatizwa. Teknetiamu iliyotumika mwaka 1969 ilitoweka ndani ya siku chache, lakini kilichojulikana kwayo hakina nusu-uhai.

Hapa pana hatari ya upande wa pili. Kama dawa haipo kwenye kituo cha afya, au kama mzazi hakuelezwa kwa nini mtoto asiyeumwa anapaswa kumeza kidonge kila siku, maarifa hayo yote huishia njiani. Upungufu wa namna hiyo hautibiwi kwa kununua kamera.

7.0 KICHOCHO: PALE MGONJWA ANAPOLAZIMIKA KUSAFIRI

Kichocho cha mfumo wa mkojo kina sura tofauti. Mayai ya kimelea hunasa katika ukuta wa kibofu na wa mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Makovu hutokea, mirija husinyaa na mkojo hurudi nyuma. Mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikiweka kimelea Schistosoma haematobium katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kutokana na uhusiano wake na saratani ya kibofu.

Hatua za mwanzo za ugonjwa hazihitaji mionzi. Mayai huonekana kwa kuchuja mkojo na kuutazama kwa hadubini, na prazikwanteli hutibu. Tatizo ni yule anayechelewa. Damu katika mkojo huonwa na baadhi ya jamii kuwa jambo la kawaida la ujana au jambo la aibu, na waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea.

Mgonjwa wa namna hiyo anapopimwa kwa altrasaundi, figo moja inaweza kuonekana imevimba kwa maji. Altrasaundi imeonesha umbo. Swali la daktari wa upasuaji ni lingine: je, figo hii bado ni hai kiasi cha kuokolewa kwa kufungua mrija, au imekwisha kufa na kubaki chanzo cha maambukizi? Kipimo cha kriatini katika damu hakitoshi kujibu, kwa sababu figo nzuri ya upande wa pili huweza kubeba kazi yote na kukifanya kipimo kionekane cha kawaida.

Hapa DMSA yenye teknetiamu-99m hujibu. Saa mbili au tatu baada ya sindano, chapa hujikusanya ndani ya seli hai za figo, na kamera huhesabu mionzi ya kila upande. Kwa mtu mwenye afya, kila figo hubeba kati ya asilimia 45 na 55 ya kazi. Figo iliyoziba ikionekana kubeba asilimia 30, kuna sababu nzuri ya kuiokoa. Ikibeba chini ya asilimia 10, madaktari wengi huelekea kuiondoa. Jibu hilo haliwezi kupatikana kutoka kwenye picha ya mtu mwingine. Kila figo ina historia yake, na mwenye figo lazima asafiri.

Uchaguzi wa chapa pia una mipaka. Glukosi yenye florini-18, inayosifiwa katika uchunguzi wa saratani nyingi, hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo. Hivyo hujaa kibofuni na kuweza kuficha uvimbe wa kibofu chenyewe, ingawa husaidia kutafuta saratani iliyosambaa mbali. Mgonjwa wa kichocho mwenye saratani ya kibofu hafaidiki kwa kupelekwa kwenye kipimo cha gharama kubwa kisichojibu swali lake.

Safari hiyo inahitaji maandalizi yanayozingatia saa. Chapa huandaliwa kwa ajili ya miadi ya siku hiyo. Mgonjwa aliyechelewa kwa siku moja kwa sababu ya basi hawezi kuhifadhiwa dozi yake, kwani kesho yake itakuwa imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Ni muhimu, kwa hiyo, afike mjini siku moja kabla. Barua ya rufaa nayo ieleze swali linaloulizwa, matokeo ya altrasaundi na kriatini, uzito wa mgonjwa, na, kwa mwanamke, kama ni mjamzito au ananyonyesha. Barua inayosema "kwa uchunguzi zaidi" pekee humwacha mtaalamu wa tiba nyuklia akikisia chapa ipi aitumie.

8.0 USALAMA NA USIMAMIZI

Hofu ya mionzi ni ya haki na inapaswa kujibiwa kwa takwimu. Binadamu hupokea kwa wastani wa dunia milisiverti 2.4 kila mwaka kutokana na mionzi ya asili ya ardhi, anga na chakula. Uchunguzi wa mifupa kwa teknetiamu-99m huongeza takriban milisiverti 4, na ule wa figo kwa DMSA huongeza takriban milisiverti 1. Viwango hivi ni vidogo, lakini si sifuri. Kanuni inabaki kwamba kipimo kifanyike pale tu ambapo jibu lake litabadilisha matibabu.

Nchini Tanzania, usimamizi wa vyanzo vya mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 na kurithi majukumu ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyokuwapo tangu sheria ya mwaka 1983. Ufupi wa nusu-uhai, ambao katika sehemu ya tano ulionekana kuwa kikwazo, hapa unageuka kuwa kinga: baada ya saa 60, yaani nusu-uhai kumi, teknetiamu iliyobaki mwilini haifiki elfu moja ya ile ya mwanzo, hata kabla ya kuhesabu iliyotoka kwa mkojo. Mgonjwa anaporudi Bariadi siku chache baadaye, mtoto wake anaweza kupakatwa bila wasiwasi.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonesha kwamba picha ya seli kwa njia ya mionzi ina ngazi mbili. Otoradiografia huiona seli moja nje ya mwili na imezaa sehemu kubwa ya maarifa ya biolojia ya seli. Kamera ya gama huona kazi ya mamilioni ya seli ndani ya mwili hai, na hujibu maswali ambayo umbo pekee haliwezi kuyajibu.

Kwa Mkoa wa Simiyu, tofauti hiyo inazaa wajibu wa aina mbili. Kwa selimundu, wajibu ni kuyafikisha maarifa yaliyokwisha kupatikana hadi kituo cha afya cha mwisho: kipimo cha damu, penisilini, chanjo na maelezo kwa mzazi. Kwa kichocho kilichofikia figo, wajibu ni kumfikisha mgonjwa kwa kamera akiwa na swali lililo wazi na kwa wakati unaolingana na saa sita za teknetiamu. Kuchanganya wajibu hizi mbili kuna gharama kwa pande zote. Mtoto atasafirishwa kwa kipimo asichokihitaji, na mkulima wa pamba atabaki nyumbani huku figo ambayo ingeokolewa ikiendelea kufa.